Uzi: Geji ya mafuta ya Land Rover Series inapodanganya. Pima kabla hujanunua senda

#1 Waya_Kijani

Wakuu, swali la geji ya mafuta kwenye Series linarudi kila mara, na jibu la haraka ni lilelile: badilisha senda, yaani kipimio chenye boya kilichomo kwenye tanki. Mara nyingi senda haina kosa. Naweka hapa utaratibu mzima wa kupima, tukianza na vitu visivyohitaji kununua chochote. Unahusu Series III ya petroli (1971 hadi 1985) na Series IIA za mwishoni, zenye geji za Smiths zinazofanya kazi kwa joto. Mwenye MGB, Triumph au Mini ya miaka hiyo naye asome, maana mfumo ni huohuo na rangi za waya ni zilezile.

Umeme unatoka kwenye swichi, unapita fyuzi, unakuja kwa waya wa kijani hadi kwenye stabilaiza ya volti nyuma ya dashibodi. Stabilaiza inaushusha hadi wastani wa volti 10. Kutoka hapo waya wa kijani hafifu unalisha geji mbili kwa pamoja, ya mafuta na ya joto la maji. Ukitoka kwenye geji ya mafuta, waya wa kijani wenye mstari mweusi unashuka hadi kwenye senda juu ya tanki, na senda inaumalizia umeme kwenye bodi (yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri) kupitia skrubu zake, tanki na chasisi.

Ndani ya geji kuna kipande cha metali mbili kilichozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata joto, kipande kinapinda, mshale unapanda. Ndiyo maana mshale huchukua karibu nusu dakika kutulia, na hauchezi gari likipita kwenye mashimo. Senda ni rezista (kizuia umeme) inayobadilika na boya: tanki tupu ni karibu omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani), nusu karibu 68, tanki limejaa karibu 20. Omu zikipungua, umeme unaongezeka na mshale unapanda.

Kabla hujashika bisibisi, jibu swali moja: geji ya joto la maji nayo inadanganya?

- Zote mbili zinasoma juu kupita kiasi: stabilaiza haina bodi, au kontakti zake zimegandana.
- Zote mbili zimekufa: fyuzi, waya wa kijani, au stabilaiza imekatika ndani.
- Zote mbili ziko chini kidogo: stabilaiza inatoa pungufu, au plagi zake zimeota kutu.
- Ya mafuta peke yake: achana na stabilaiza. Tafuta kwenye waya wa kijani na mweusi, senda, bodi ya tanki, na mwisho kabisa geji yenyewe.

Nasisitiza, mwisho kabisa. Geji hizi hufa mara chache sana, na anayeanza kwa kuifungua huishia kupinda mshale.

#2 pwani88

Mkuu Waya_Kijani, asante kwa uzi. Swali la stabilaiza: ukiweka multimita ya kidijitali kwenye upande wa kutoa, namba zinarukaruka, 12, 0, 7, 12. Hiyo ni mbovu?

#3 Waya_Kijani

Hapana, hiyo inaelekea ni nzima. Stabilaiza ya asili haitoi volti 10 zilizotulia. Ndani yake kuna kontakti na kipande cha metali mbili chenye kipasha joto. Kontakti zikigusana zinatoa volti zote za betri, kipande kinapata joto, kinaziachanisha, kinapoa, zinagusana tena. Geji ni nzito kuitikia, kwa hiyo inaona wastani tu, nao ni volti 10. Multimita ya kidijitali inajaribu kufuata kila mpigo na kukuchanganya.

Pima hivi. Chukua balbu ndogo ya volti 12, wati 2.2, ile ya taa za dashibodi. Unganisha kati ya kituo kilichoandikwa I (cha kutoa) na bodi, kisha washa swichi. Baada ya sekunde chache ianze kumetameta. Ikiwaka mfululizo bila kukatika hata baada ya dakika moja, stabilaiza inapitisha volti zote. Isipowaka kabisa, hamishia balbu kwenye kituo B (cha kuingiza). Ikiwaka pale, stabilaiza imekatika. Isipowaka, rudi kwenye fyuzi.

Ikiwaka mfululizo, usikimbilie dukani. Kipasha joto cha ndani kinamalizia umeme wake kwenye kasha la stabilaiza, na kasha linapata bodi kwa skrubu moja tu. Skrubu ikilegea au ikikaa juu ya rangi, kipasha joto hakifanyi kazi, kontakti hazifunguki, na geji zinapokea volti 13.8 badala ya 10. Joto ndani ya geji hufuata mraba wa volti, kwa hiyo karibu linaongezeka maradufu. Hapo ndipo unaona tanki la nusu likisoma F (limejaa) na watu wanadhani injini inachemka. Kwangua rangi chini ya skrubu, kaza, pima tena.

Jambo jingine, mkao wake. B na kituo cha bodi vinatakiwa kuwa juu, na kasha lisiegemee zaidi ya nyuzi 20 kutoka wima. Kuna magari ambayo baada ya dashibodi kufunguliwa stabilaiza imerudishwa ikiwa imelala, au inaning'inia kwenye waya wake. Kuning'inia maana yake haina bodi, unarudi palepale.

#4 Kapasita

Naongezea hapo. Stabilaiza ya asili ikifa kweli, rigulata ya 7810, kifaa kidogo cha elektroniki kinachotoa volti 10, inafaa na bei yake ni ndogo. Ukiitazama kwa mbele, maandishi yakikuelekea, miguu kutoka kushoto ni kuingiza, bodi, kutoa. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 kati ya kuingiza na bodi, na ya 0.1 kati ya kutoa na bodi, karibu kabisa na miguu. Geji mbili kwa pamoja huvuta karibu robo ampea zikiwa juu, kwa hiyo 7810 inayobeba ampea 1 inatosha bila wasiwasi. Lakini inapata joto, karibu wati moja, kwa hiyo ifunge kwa boliti kwenye bati. Sikio lake la chuma tayari ni bodi.

Ukitaka uzuri wa macho, fungua kasha la stabilaiza ya zamani, toa matumbo, weka rigulata ndani, funga. Nje panabaki kama kiwandani.

#5 Bodi_Chanya

Hapo kwa Kapasita nina pingamizi mbili.

Ya kwanza: 7810 inahitaji volti kama 2 zaidi ya inazotoa. Betri ikiwa 12.2 na injini imezimwa, toa upotevu wa swichi na fyuzi, tayari uko ukingoni. Ikishuka chini ya hapo, geji nazo zinashuka. Halafu mtu anasoma mafuta injini ikiwa imezimwa, anapata pungufu, anawasha injini, mshale unapanda, anadhani senda ndiyo inayoruka. Bora LM2940 ya volti 10, ambayo inaridhika na tofauti ya karibu nusu volti. Lakini hiyo inadai kapasita kubwa upande wa kutoa, mikrofaradi 22 au zaidi, la sivyo inaanza kutetemeka yenyewe.

Ya pili, na hii inaunguza vitu: Series II na IIA za mwanzo bodi yake ni chanya. Geji ya metali mbili haijali upande, wala stabilaiza ya asili haijali. Rigulata ya elektroniki inajali sana. Mwenye gari la bodi chanya akifunga 7810 kama ilivyoelezwa, anaipeleka moja kwa moja kaburini. Angalia betri kwanza: ni nguzo ipi imefungwa kwenye chasisi? Usiamini kitabu, mengi yamegeuzwa zamani bila mtu kuandika popote.

#6 Kapasita

Nimekubali zote mbili. Kwa bodi chanya, ibaki stabilaiza ya kimakanika au ununue ya elektroniki iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bodi chanya.

#7 Zulu_109

Wakuu, tuje kwenye kesi ya geji ya mafuta peke yake. Njia ya mafundi wengi: vua waya kwenye senda, gusisha kwenye bodi, mshale ukipanda hadi F senda ni mbovu. Inatosha?

#8 Waya_Kijani

Wazo ni sahihi, utekelezaji una hatari. Usigusishe waya wenye umeme juu ya tanki la petroli. Cheche moja pale ambapo gasketi inavuja mvuke inatosha. Tena ukigusisha bodi moja kwa moja, geji inapata umeme zaidi ya kiwango chake cha F. Sekunde chache haidhuru, ukiiacha dakika nzima unaweza kuichosha.

Tumia rezista tatu: omu 22, 68 na 240 (220 nayo inafaa), zote za wati 1. Za robo wati zitaungua, maana hapo zinabeba kati ya wati 0.25 na 0.4, na zaidi ya hapo stabilaiza ikiwa mbovu.

Swichi imezimwa. Inua mto wa kiti cha mbele kulia, ondoa bati linalofunika tanki. Vua waya wa kijani na mweusi kwenye senda. Ukikuta vituo viwili, T ni cha geji na W ni cha taa ya onyo ya mafuta kupungua. Unganisha rezista kati ya waya huo na chasisi, siyo tanki, kwa vibanio vilivyoshika vizuri. Ndipo uende kuwasha swichi. Subiri dakika moja.

Omu 22: mshale uwe F au karibu kabisa. Omu 68: katikati. Omu 240: E (tupu). Zima swichi kila unapobadilisha rezista.

Ikisoma sawa zote tatu, basi stabilaiza, geji na waya wote mrefu ni vizima, na kosa liko kwenye senda au bodi yake. Umegawa mfumo mara mbili kwa rezista tatu. Ikisoma vibaya, rudia jaribio lilelile nyuma ya geji. Ikisoma sawa pale na vibaya kwenye tanki, waya katikati una tatizo.

Na ukivua waya kwenye senda bila kuweka chochote, mshale lazima urudi E. Ukibaki F, waya umechubuka na unagusa chasisi mahali fulani. Angalia hasa unapopita ukingo wa bati kuingia kwenye boksi la kiti, mpira wa tundu ukishakufa bati linakata waya.

#9 pwani88

Ya kwangu: rezista 22 inasoma F safi, 240 inasoma E. Nikirudisha waya kwenye senda, tanki limejaa hadi mdomoni, mshale unaishia kwenye robo tatu. Likiwa karibu kwisha, E ni sahihi. Senda imechoka juu?

#10 Kapasita

Kabla ya kuilaumu senda, piga hesabu. Geji ina kama omu 65. Tanki limejaa: 65 na 20 ni 85, kwa volti 10 unapata miliampea 118. Sasa weka omu 10 za kutu kwenye bodi ya tanki: jumla 95, miliampea 105. Joto linafuata mraba wa umeme, kwa hiyo geji imebaki na asilimia kama 80 ya joto lake. Mshale unaishia robo tatu na kitu.

Tanki tupu: 65 na 240 ni 305, miliampea 33. Ongeza omu 10 zilezile, 315, miliampea 32. Tofauti huioni kwa macho.

Kwa hiyo "haifiki F lakini E ni sahihi" ni alama ya bodi mbovu au kiungo chenye kutu kabla ya kuwa alama ya senda. Pima: swichi imewashwa, tanki lina mafuta mengi, multimita kwenye volti, ncha moja kwenye ukingo wa chuma wa senda, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.1, kuna omu moja au zaidi zilizojificha njiani. Ukiona volti 1, umepata omu zako 10. Kumbuka stabilaiza ya asili inapiga na kukatika, chukua namba ya juu kabisa unayoiona.

#11 Bodi_Chanya

Kwenye Land Rover hili lina sababu yake. Mabati ya nje ya gari ni aloi ya alumini, chasisi ni chuma, na kila zinapokutana na unyevu wa chumvi alumini inaliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja, usiamini bodi yoyote inayopita kwenye boliti ya bati la alumini.

Dawa siyo kukwangua kila baada ya miezi sita. Vuta waya mweusi wa milimita 1.5 za mraba, kutoka kwenye skrubu moja ya senda hadi kwenye chasisi, kiatu cha mviringo pande zote mbili, kwangua chasisi hadi chuma kiangaze, kaza, kisha paka grisi au rangi juu. Paka baada ya kukaza. Kinyume chake umeweka rangi katikati ya mgusano.

#12 Zulu_109

Na ile ya senda mpya kusoma E siku zote, ingawa kwenye meza ilipima sawa?

#13 Waya_Kijani

Gasketi ya mpira haipitishi umeme. Chini ya vichwa vya skrubu kumewekwa washa za nyuzinyuzi au plastiki ili petroli isivuje. Juu yake kumepakwa gundi. Senda imetengwa kabisa na tanki, haina bodi. Weka washa za shaba, au ule waya mweusi wa Bodi_Chanya. Kama senda yako ina ulimi wa bodi pembeni, ufunge hapo.

#14 MamaGereji

Salaam wakuu. Niwape upande wa kuitoa senda, maana hapo ndipo nyingi zinavunjikia.

Mafuta yapungue hadi chini ya nusu. Ondoa waya wa betri. Milango yote wazi, nje ya banda, hakuna anayevuta sigara, na ile balbu ya kuning'iniza msiisogeze karibu, tumieni tochi. Puliza mchanga wote juu ya tanki kabla ya kulegeza chochote, la sivyo unaanguka ndani na kesho unahangaika na kabureta. Chora alama ya mkao wa senda kwa msumari kwenye tanki. Skrubu zikigoma, weka mafuta ya kupenya na usubiri, usilazimishe, kichwa kikikatika utatoboa juu ya tanki lenye petroli.

Ukiinua, usivute juu wima. Mkono wa boya ni mrefu, inua kidogo, inamisha, zungusha utoke bila kupinda. Ukipinda hata kidogo umeshaharibu usomaji.

Mezani, pima omu kwanza. Ncha moja kwenye T, nyingine kwenye ukingo. Sogeza mkono polepole kutoka chini hadi juu. Namba zishuke mfululizo kutoka 240 hivi hadi 20 hivi. Tazama mahali zinapopotea ghafla na kurudi, hapo waya wa rezista umelika. Mita ya mshale inaonyesha mkatiko huo vizuri kuliko ya kidijitali. Zikipotea kuanzia sehemu moja hadi mwisho, waya umekatika, senda hiyo haina tiba ya maana.

Zikirukaruka tu, ni uchafu. Petroli iliyokaa muda mrefu inaacha utando kama vanishi. Nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, endesha mkono juu chini mara nyingi, sugua taratibu kwa ufutio wa penseli. Msasa hapana. Waya ule ni mwembamba kama unywele, msasa mmoja unakula nusu yake.

Angalia pia kaulimi kanakoteleza juu ya waya. Kakilegea, kapinde kidogo sana kaguse kwa uzito. Sana ukizidisha kanakata waya.

Kisha boya. La shaba, litikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza, limetoboka na limekunywa petroli, ndiyo maana geji inasoma pungufu muda wote au haitoki E. Kujua tundu liko wapi, lizamishe kwenye maji ya moto, siyo ya kuchemka, utaona mapovu. Ukishaona, litoe petroli yote na uliache likauke kabisa kabla ya kupeleka joto la aina yoyote. Ziba kwa solda ya umeme na chuma cha kuchomea, si moto wa gesi, na solda kidogo iwezekanavyo. Tone kubwa linaongeza uzito, boya linakaa chini kuliko lilivyozoea. La plastiki lililolowa, nunua jingine, halizibiki.

Kufunga: gasketi mpya, ya koki au mpira wa nitrili. Silikoni ya kawaida ya bomba inavimba na kuachia ikigusana na petroli. Ukitaka kupaka kitu, iwe gundi ya kuvumilia petroli kama Hylomar, na nyembamba.

#15 Tumbo_la_Tanki

MamaGereji heshima yako. Swali: senda mpya imefungwa, bodi nzuri, geji inasoma kinyume. Ukijaza inashuka E, ikiisha inapanda F.

#16 MamaGereji

Kaka, hiyo ni senda ya mfumo mwingine. Muuzaji kaangalia matundu ya skrubu tu. Zipo za Ulaya, aina ya VDO, zenye omu 10 tanki tupu na 180 limejaa. Kwenye geji ya Smiths hiyo lazima isome kichwa chini. Zipo za kundi la General Motors, 0 tupu na 90 limejaa, nazo ni vilevile kinyume. Nenda dukani na multimita, pima mkono ukiwa chini na ukiwa juu kabla hujalipa. Chini 240 au karibu, juu 20 au karibu. Ya Kimarekani ya 240 na 33 inaweza kukubalika, ila haitafika F kabisa.

Na urefu wa mkono. Tanki la chini ya kiti na tanki la nyuma la 109 Station Wagon (Land Rover ndefu) hayana kina kimoja. Omu zinaweza kuwa sawa na boya likagota kwenye sakafu au dari ya tanki kabla ya mwisho wa safari yake.

#17 Bodi_Chanya

Tumbo_la_Tanki, hebu ongezea: gari ni la mwaka gani, na mshale unaruka mara moja ukiwasha swichi au unapanda polepole?

#18 Tumbo_la_Tanki

Series II. Unaruka papo hapo, na unayumba kwenye kona.

#19 Bodi_Chanya

Basi MamaGereji yuko sahihi lakini kwa upande wa pili. Senda yako ndiyo mpya ya 240 hadi 20, na geji ndiyo ya kale. Hiyo ni geji ya koili mbili, haina stabilaiza, haitaki stabilaiza, na mantiki yake ni kinyume: omu chache ni E, omu nyingi ni F. Ukivua waya wa senda, mshale unakwenda F. Ukiugusisha bodi, unakwenda E. Kila kilichoandikwa juu kuhusu rezista 22 na 240 hakikuhusu. Una njia mbili: tafuta senda ya aina ya kale, au badilisha geji na kuongeza stabilaiza. Ya kwanza inaacha dashibodi ilivyo.

#20 pwani88

Mrejesho wa vipimo: volti 0.9 kati ya ukingo wa senda na betri. Waya mweusi umefungwa, sasa 0.02. Tanki likijaa mshale uko milimita mbili chini ya F. Hizo milimita mbili zinatolewaje?

#21 Waya_Kijani

Unaweza kuziacha. Ukitaka kuzitoa, geji ya Smiths ina matundu mawili madogo nyuma, mara nyingi yamezibwa na koki. Ndani ya kila tundu kuna mfuo wa bisibisi ndogo. Mmoja unasogeza upande wa E, mwingine upande wa F, na kila mmoja unamgusa mwenzake kidogo.

Hakikisha kwanza stabilaiza inatoa 10, usije ukarekebisha geji ili ifiche kosa la mwingine. Weka rezista 240, subiri dakika mbili, rekebisha E. Weka 20 (22 ukikosa, simama nywele moja chini ya F), subiri dakika mbili, rekebisha F. Rudi 240 uangalie tena. Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Geuza kwa robo ya robo, mifuo ile ina meno madogo na ni laini.

Usipinde mkono wa boya ili kurekebisha F. Ukiupinda, E nayo inahama, na E ndiyo unayoitegemea njiani.

#22 Zulu_109

Kuna wenye tanki mbili, chini ya kiti cha kulia na cha kushoto. Pale swichi ya kuchagua geji ya tanki lipi inaongeza kontakti nyingine ya kuota kutu. Vilevile kama geji inasoma vizuri tanki moja na vibaya jingine, stabilaiza na geji zimeshajitetea zenyewe, nenda moja kwa moja kwenye swichi au senda ya upande ule. Na hakikisheni koki ya mafuta na swichi vinaelekea tanki moja, msisome kulia mkanywa kushoto.

#23 Kruza_Kuu

Wakuu, Toyota FJ40 na Volkswagen Kobe zinaingia humu?

#24 Kapasita

Njia ya kugawa mfumo kwa rezista ni ileile, namba ndizo zinabadilika. Toyota za enzi hiyo senda ni karibu omu 110 tupu na 3 limejaa, na kwenye FJ40 nyingi rigulata imo ndani ya geji ya mafuta yenyewe, kwa hiyo geji ya mafuta ikiharibika inaweza kuivuruga na ya joto. Kobe lenye geji ya umeme, kuanzia modeli ya 1968, ni karibu 73 tupu na 10 limejaa, na lina kivunja umeme kidogo nyuma ya geji kinachofanya kazi ya stabilaiza. Za kabla ya hapo geji ni ya kamba, huna cha kupima kwa multimita: ni boya, mkono na kamba iliyokauka. Za kale zaidi hazina geji kabisa, kuna wenzo wa akiba tu.

#25 Tumbo_la_Tanki

Swali la mwisho kwangu. Geji ikisoma nusu, niweke akilini lita ngapi? Kitabu kinasema tanki la 88 (Land Rover fupi) ni lita 45.

#26 MamaGereji

Usigawe kwa mbili. Tanki lina pembe na mkono wa boya unakwenda kwa duara, kwa hiyo nusu ya mshale siyo nusu ya lita.

Tengeneza jedwali lako. Gari kwenye sakafu tambarare, tanki tupu, mimina lita 5 kwa kipimo cha kuaminika, injini iungurume, subiri dakika mbili, andika mshale uko wapi. Zima injini, subiri ipoe kidogo, ongeza 5 nyingine, endelea hadi ijae. Wakati huohuo tumbukiza kijiti kikavu cha mbao kupitia mdomo wa kujazia, kama kinafika chini, ukichonge alama kwa kisu kila lita 5. Kalamu inafutika na petroli. Mstari wa kwanza wa jedwali ndio muhimu zaidi: mshale ukigusa E, bado zimebaki lita ngapi ambazo bomba la kunyonya linazifikia. Bomba halifiki sakafuni, lita za mwisho ni za takataka na maji.